Mhusika Ameripoti Kazini

Jumanne ya kwanza ya kila mwezi, saa nne kasorobo asubuhi, Bi Wino alipanda ngazi mia moja na nne kwenda chumba cha mikutano cha ghorofa ya tano. Daftari lilikuwa kwapani, kalamu tatu mkononi, na viatu vya mkutano ndani ya mfuko wa plastiki. Ngazi alizipanda kwa raba. Alikuwa mwandishi wa kumbukumbu za mikutano katika Ofisi ya Mizani na Vipimo, ile inayopita madukani kuhakikisha kilo ni kilo kweli, na kazi hiyo alikuwa ameifanya miaka ishirini na sita. Lifti ilikuwepo, ila ilikuwa imefungwa mnyororo kwa miaka minne, tangu siku ilipoanguka kutoka ghorofa ya nne na fundi wa jengo akiwa ndani. Fundi huyo alikuwa mume wa Bi Wino.

Jumanne hiyo alikuta kifaa cha mviringo katikati ya meza, ukubwa wa kisahani cha chai, kikiwaka taa ndogo nyekundu. Kando yake alisimama Bwana Mitambo, mzee wa makamo mwenye kitambi cha heshima, ambaye kazi yake ilikuwa kompyuta na starehe yake ilikuwa kutafuna njiti ya kiberiti.

"Huyu wa mezani anasikia," alimweleza Bi Wino, kwa furaha ya mtu anayeonyesha wajukuu. "Kila neno mtakalosema, analiandika. Akimaliza anampa mwenzake, akili bandia, ambaye kazi yake ni kuelewa mmeamua nini na kuandika kumbukumbu. Huyo naye anampa wa tatu, anayegawa kazi. Barua pepe inakwenda, fomu ya stoo inajazwa, gari linaitwa, kitambulisho kinachapishwa. Nimewaunganisha wote watatu. Ninyi semeni tu, mengine waachieni."

"Na mimi?"

"Wewe pumzika, dada yangu. Nimemlisha mafaili yako yote ya miaka ishirini na sita. Amejifunza mkono wako. Anaandika kama wewe mwenyewe, hata mama yako hawezi kuwatofautisha."

Bi Wino hakujua kama aseme asante. Alikaa kwenye kiti chake cha pembeni, akabadili viatu, akafungua daftari hata hivyo.

"Ila kuna sharti moja," Bwana Mitambo aliwaambia wajumbe walipoingia. Walikuwa wanane pamoja na Mwenyekiti. "Huyu wa tatu hakubali kazi isiyo na mwenyewe. Kila kazi ina kisanduku cha mtekelezaji, na kisanduku hakiachwi wazi. Lazima atajwe mtu."

"Atatajwa," alisema Mwenyekiti, na mkutano ukaanza.

Hapa msomaji aelezwe jambo moja kuhusu ofisi ile, maana asipolielewa atadhani watu wale walikuwa wavivu, na hawakuwa wavivu, walikuwa makini sana. Katika ofisi ile hakuna mtu aliyewahi kufanya jambo. Mambo yalifanywa. Ilionekana, iliafikiwa, iliagizwa, ilisisitizwa. Na pale ambapo kazi ilitaka mkono wa mtu hasa, basi ulikuwa mkono wa mhusika. Bomba linavuja? Mhusika alifanyie kazi. Saa ya ukutani imesimama? Mhusika aangalie. Miaka ishirini na sita Bi Wino aliandika hivyo kwa mwandiko mzuri wa kulala kulia, na viporo vikahama kutoka mkutano hadi mkutano chini ya kichwa cha Yatokanayo, vikizeeka kwa amani.

Siku hiyo pia zilipita ajenda kumi na moja, na kila moja iliishia kwa mhusika. Kila alipotajwa, kifaa kilitoa mlio mdogo.

Yule wa tatu akaanza kumtafuta. Katika mafaili ya Bi Wino jina la Mhusika lilitokea mara elfu moja mia tisa arobaini na sita, kuliko la mfanyakazi mwingine yeyote, Mwenyekiti akiwemo. Katika daftari la watumishi halikuwemo. Mashine ikaona ni uzembe wa masjala, ikamwandikisha, ikampa namba, ikamchapishia kitambulisho, na ikamtumia barua aripoti kazini Jumatatu saa mbili asubuhi. Viporo vyote mia nne na kumi na viwili vikawekwa kwenye orodha yake.

Jumatatu saa mbili kasoro dakika tano alifika getini.

"Unamtaka nani?" mlinzi alimuuliza.

"Simtaki mtu. Mimi ndiye Mhusika."

"Aa, kumbe ndiyo wewe! Umesemwa sana humu. Weka sahihi hapa."

Alikuwa mwanamume wa umri usiokadirika, suruali ya kaki, shati lililopigwa pasi, na vumbi hadi magotini kama la mtu aliyetembea kutoka mbali. Alibeba mkoba wa turubai. Uso wake ulikuwa wa aina ile inayomfanya kila mtu adhani anamdai salamu, kwa hiyo wote walimsalimu, na wengine walimuuliza habari za nyumbani. Afisa Utumishi alikuta kitambulisho chake tayari kwenye droo, na picha yake juu, akampa meza iliyokuwa chini ya ngazi. Kiti chake kilikuwa na miguu mitatu. Mhusika alipekua karatasi zake, akaona kiti kile ni kiporo namba mia mbili na saba, akakiegemeza ukutani kungoja zamu yake ifike, akaanza kazi kwa kusimama.

Alianza na la zamani kuliko yote. Bomba la choo cha ghorofa ya tatu lilikuwa limevuja muda mrefu hadi majani yameota chini yake, na mama wa usafi alikuwa akiyapalilia. Alilikaza. Majani aliyahamishia kwenye kopo, akampa yule mama, maana hayakuwa kwenye orodha. Saa ya ghorofa ya pili ilikuwa imesimama saa saba na dakika kumi miaka tisa. Alipoitia ufunguo ikaanza kutembea, ghorofa nzima ikashikwa na njaa ya miaka tisa kwa pamoja, watu wakatoka kwenda kula na hawakurudi hadi Jumatano. Mama mmoja aliyekwisha kustaafu alipata barua ya kukubaliwa likizo aliyoiomba miaka kumi na tatu nyuma. Alikuja asubuhi moja amevaa vizuri, akakaa kwenye kiti chake cha zamani kama dakika tano, kisha akaaga akaenda likizo.

Hakuna aliyeshangaa. Lalamiko lilikuwa moja tu, kwamba Mhusika hanywi chai na wenzake.

"Mnaona?" Mwenyekiti alisema, akipita karibu na meza ya chini ya ngazi bila kusimama. "Nilisema linafanyiwa kazi. Watu hawana subira."

Bi Wino alikuwa na subira. Alikuwa akihesabu.

Nyumbani kwake aliishi na mama mkwe, bibi mwembamba aliyeliwa macho na mtoto wa jicho, ambaye dunia yake sasa ilikuwa kiti cha dirishani, redio, na nyayo za mkwewe. Kila Jumanne ya kwanza ya mwezi, Bi Wino akiingia tu na kuvua raba mlangoni, bibi aliuliza swali lile lile.

"Leo wamesema?"

"Bado, mama. Linafanyiwa kazi."

Alichokuwa akikisubiri bibi ni sentensi moja. Baada ya lifti kuanguka, ofisi iliunda kamati, na kamati ikatoa ripoti ya ukurasa mmoja: ajali imetokana na uzembe wa mhusika. Halikuandikwa jina. Halikuhitajika, maana aliyekufa mle ndani ni mmoja, na mtaa mzima ulijaza wenyewe. Msibani watu walikuja wakala wakaondoka wakinong'ona kwamba fundi gani anauawa na mashine yake mwenyewe. Bibi alikuwa amemlea mwanawe asiache hata msumari umetokeza. Aliapa kwamba hatakufa mpaka ofisi iseme kwa kinywa chake: mwanao hakuzembea. Alikuwa na miaka themanini na mitatu, na kiapo kilianza kumchosha.

Ambacho bibi hakukijua ni hiki. Wiki mbili kabla ya ajali, Fundi aliitwa kwenye mkutano kuelezea taa za uani. Alipomaliza taa hakuondoka. Alisimama mlangoni, kofia mkononi, akasema: "Na kamba ya lifti imechakaa. Nyuzi zinakatika moja moja. Ibadilishwe, na mpaka hapo watu wasipande." Baada ya wiki hizo mbili walikuwa wanatarajiwa wakaguzi kutoka makao makuu, na kumbukumbu za mkutano ule zingewekwa mezani kwao. Mwenyekiti alimgeukia Bi Wino akasema kwa sauti ya upole kabisa, "Hilo usiliandike, Bi Wino. Tusijivue nguo mbele ya wageni. Tutalimaliza kimyakimya." Bi Wino aliinua kalamu kutoka kwenye karatasi. Wino wa nukta moja ulibaki pale ilipokuwa imegusa.

Jioni ile Fundi alimwambia, "Si ungeniandikia hata pembeni." Akamjibu, "Mwezi ujao, baba watoto. Wakishaondoka wageni." Hawakuwa na watoto, waliitana hivyo kwa matumaini. Siku ya wageni ilipofika iliagizwa viti vipandishwe juu kwa lifti. Fundi aliwazuia vibarua wasiingie, akaingia yeye.

Kwa hiyo Bi Wino alihesabu. Mhusika alikuwa anakwenda mwaka kwa mwaka, mwezi kwa mwezi, na kila siku saa nne Bi Wino alishuka kumpelekea kikombe cha chai ambacho hakukinywa na kuchungulia yuko wapi. Alimwona akirekebisha kiti chake, akakikalia kwa mara ya kwanza, akashusha pumzi. Alimwona akiingia mwaka wa ajali. Akafika mwezi wenyewe siku ya Jumatano, na Alhamisi alikuwa ameshauvuka.

Bi Wino alishuka bila chai.

"Mhusika, umeruka."

"Sijaruka, mama."

"Mwezi ule. Umefanya nini mwezi ule?"

Alilowesha kidole akafunua. "Mwezi ule nina mawili. Taa za uani, na pazia la chumba cha mikutano. Yote tayari."

"Na kamba ya lifti?"

Alifunua mbele, akafunua nyuma, kwa utaratibu wa mtu asiyependa kumkatisha mwenzake tamaa upesi. "Haimo," alisema.

Bi Wino alikalia ngazi ya chini.

"Ningeliandika, ungekuja?"

"Kwa kweli sijui, mama. Mimi niliitwa huku na huku miaka mingi, bila anwani, na miguu yangu mizito. Pengine ningechelewa. Lakini la pazia nililisikia tangu siku ile lilipoandikwa. Hilo la kamba sikulisikia."

"Na ripoti ya kamati?"

"Hiyo ninayo." Aliitoa mkobani, imekunjwa mara nne, imechakaa kwenye mikunjo. "Uzembe wa mhusika. Nimeipokea, ni yangu."

"Si yako! Kila mtu anajua walikuwa wanamsema mume wangu."

"Ndiyo," alisema Mhusika. "Walimsema yeye, wakaniandika mimi. Ndiyo kawaida yao. Niwie radhi."

Bi Wino alilia pale pale chini ya ngazi, kilio cha kweli chenye sauti, na watu walioshuka walimpita kwa adabu upande wa ukuta. Mhusika alimpa leso. Ilikuwa leso iliyopotea ghorofa ya nne miaka saba nyuma, ilikuwa kwenye orodha.

Mkutano uliofuata ulikwenda vizuri kuliko yote iliyowahi kufanyika. Yatokanayo yalikwisha kwa dakika nne kwa kuwa karibu kila kitu kilikuwa kimetengenezwa. Wajumbe walipongezana. Ilipofika Mengineyo, Mwenyekiti aliuliza kama kuna mwenye la kusema, huku ameshaivika kalamu yake kifuniko, na Bi Wino alisimama.

Mwandishi wa kumbukumbu hajawahi kusema kitu mkutanoni. Hakuna sheria inayomkataza. Ni kama kiti kusema. Wajumbe walimtazama wakidhani anataka kufungua dirisha.

"Nina jambo la miaka minne," alisema. Alitazama kifaa, siyo watu, na taa yake nyekundu ilikuwa inawaka. "Fundi wa jengo alisimama pale mlangoni. Akasema kamba ya lifti imechakaa. Wote mlikuwemo, nyie nyote mliokaa hapa. Mwenyekiti, wewe ukaniambia nisiandike. Mimi nikainua kalamu. Siku ya wageni ukasema viti vipande kwa lifti. Fundi hakuzembea. Aliyezembea ni wewe, Mwenyekiti. Na mimi nilizembea. Nimemaliza."

Alikaa. Moyoni alisikia raha ya ajabu, kama ya kuvua kiatu kinachobana.

Mwenyekiti alikohoa kikohozi chake cha mara mbili. Hakukasirika. Alikuwa mtu mwenye tabia njema, alikuja na matunda msibani.

"Tunamshukuru sana Bi Wino kwa mchango wake," alisema. "Ni jambo zito, limegusa kila mmoja wetu. Tumelipokea. Na kamba ibadilishwe. Na nisisitize, wahusika wote wachukuliwe hatua."

Kifaa kilitoa mlio. Baada ya dakika tisa kumbukumbu zilikuwa zimefika kwenye simu za wote, na Bi Wino alizisoma akiwa bado kwenye kiti chake, anabadili viatu.

*11.4 Ilielezwa kwamba kamba ya lifti ilikuwa imechakaa na kwamba taarifa hiyo haikuandikwa. Masikitiko yalitolewa. Iliagizwa kamba ibadilishwe na wahusika wote wachukuliwe hatua.*

Akazisoma tena. Ulikuwa mkono wake. Hata koma zilikuwa zake.

Alimkuta Bwana Mitambo kwenye chumba chake chenye nyaya. "Nilitaja watu," alimwambia. "Nilisema nani alisema na nani alikataza. Wako wapi?"

"Yule wa kwanza alisikia yote, dada. Lakini sauti inafutika yenyewe kumbukumbu zikishatoka. Mwenyekiti alichagua hivyo tangu siku ya kwanza, ili tusijaze nafasi."

"Basi huyo wa pili kwa nini amewatoa watu wangu? Nani kamwambia awatoe?"

Bwana Mitambo alitoa njiti mdomoni, kitu ambacho hakukifanya mara kwa mara. Alionekana kuona haya kwa niaba ya mtu.

"Hajaambiwa na mtu. Nilikwambia, amejifunza kwako. Amesoma miaka ishirini na sita, akaona Bi Wino hataji mtu."

Alhamisi Mhusika alikata mnyororo wa lifti. Alishuka shimoni na mkoba wake, akapanda juu na kamba mpya iliyokuwa imeagizwa stoo na yule wa tatu, na siku nzima jengo lilisikia mlio wa spana uliofanana na wa zamani, mapigo mawili na kituo, mapigo mawili na kituo. Mama wa usafi aliinua kichwa akasema, "Fundi leo kaja mapema," kisha akaendelea kupiga deki. Saa kumi jioni milango ilifunguka ghorofa ya chini. Ndani hamkuwa na mtu. Palikuwa na viti sita vya wageni, vimepangwa vizuri, na harufu ya grisi ambayo Bi Wino aliifua kwenye kola kwa miaka kumi na tisa na haikutoka. Alisimama mbele ya milango ile mpaka ilipojifunga. Asubuhi ukutani palikuwa na tangazo: *Lifti imerejeshwa. Uongozi unawatakia matumizi mema.*

Jumatatu walikuja wahusika wote. Mwenyekiti alikuwa amesema wahusika, kwa wingi, na mashine haijui kupunguza. Walikuwa tisa. Mlinzi aliwaandikisha wakapanga foleni kwenye benchi la nje ya Ofisi ya Utumishi, mikono mapajani. Mmoja alikuwa na kikohozi cha mara mbili. Mmoja alikuwa na upara wa Mkuu wa Ukaguzi, na mwingine alitikisa mguu jinsi Afisa Utumishi anavyotikisa wake. Wajumbe walipita wakielekea chai, kila mmoja akapunguza mwendo alipofika mbele ya wa kwake, wakasalimiana vizuri, wakaulizana afya. Mwenyekiti hata alimshika wa kwake begani, akamwambia ajikaze, kazi ni kazi.

Wa tisa alikuwa mwanamke mwenye raba miguuni na doa la wino kwenye kidole cha shahada.

Barua ziligawiwa. Zilikuwa barua za kuachishwa kazi kwa uzembe, na zote ziliandikwa *Kwa: Mhusika*. Bi Wino alikuja akakaa kwenye benchi, kando ya yule mwanamke.

"Nipe," alimwambia kwa sauti ya chini. "Hiyo ni yangu."

"Imeandikwa kwangu."

"Nimekosa mimi. Wewe hata hukuwepo."

"Mimi nimekuwepo siku zote, dada," alisema yule mwanamke kwa upole. "Nilikuwa nashika ile ncha nyingine ya kalamu."

Bi Wino alishika ukingo wa barua akavuta. Mwenzake hakuachia. Karatasi haikuchanika. Walikaa hivyo kwa muda, kama watu wawili wanaokunja shuka, hadi Afisa Utumishi alipotoka kuomba wasicheleweshe wengine. Yule mwanamke alitia sahihi kwa mwandiko wa kulala kulia.

Mhusika wa kwanza naye alikuwa na barua yake. Aliacha meza imefutwa na orodha imekwisha, akawaongoza wenzake kwenye lifti. Lifti iliandikwa watu wanane. Waliingia kumi, na kamba ikashika. Alipofika getini alimrudishia mlinzi kitambulisho, na kwa kuwa njia ilikuwa kavu, vumbi lilianza kumpanda tena hadi magotini kabla hajafika kona.

Jioni ile Bi Wino alichapisha ukurasa ule akaenda nao nyumbani.

"Leo si Jumanne," alisema mama mkwe aliposikia karatasi.

"Si Jumanne, mama. Lakini limeandikwa. Nikusomee?"

Bibi alizima redio, akajifunga vizuri kitambaa cha kichwa, akakaa wima. Bi Wino alisoma. Alisoma polepole, kama mtu anayepita na sinia lililojaa.

"Ilielezwa kwamba kamba ya lifti ilikuwa imechakaa, na kwamba taarifa hiyo haikuandikwa."

Bibi alisubiri, akadhani kuna zaidi.

"Ilielezwa na nani?" aliuliza.

Bi Wino alikuwa na jibu la ofisi tayari mdomoni, limekaa pale miaka minne. Akalimeza.

"Na mwanao, mama. Alisema wiki mbili kabla, mbele ya watu wote."

"Na haikuandikwa na nani?"

Nje mtu alikuwa akiita mtoto aje kuoga.

"Na mimi," alisema Bi Wino. "Niliambiwa nisiandike, nami sikuandika."

Bibi alinyosha mkono akaichukua ile karatasi, ambayo hakuweza kuisoma, akaipapasa kwa vidole kuanzia juu hadi chini kama anatafuta kasoro kwenye kitambaa. Kisha akaiweka kwenye mapaja.

"Nilijua kuna mtu alisikia akanyamaza," alisema. "Mwanangu hakuwa mtu wa kuona kitu kimekatika asiseme. Nilijua. Nilipokuwa naomba, nilikuwa naomba asiwe wewe."

Hakumsemesha tena kwa siku nyingi. Bi Wino alimpikia, akamwogesha, akamtengea redio, na nyumba ikawa na sauti za vyombo tu. Aliona anastahili, na bado ilimuuma.

Jumanne ya kwanza ya mwezi uliofuata wajumbe walipanda lifti, wakaisifu kwa wepesi wake. Birika lilichemka bila kukatika, saa zote za jengo zilikubaliana. Mwenyekiti aliuliza kama kuna marekebisho kwenye kumbukumbu zilizopita. Bi Wino alinyosha mkono.

"Ukurasa wa tatu, 11.4. Isomeke: Fundi alisema. Mwenyekiti alikataza. Bi Wino hakuandika."

"Tumelipokea," alisema Mwenyekiti.

Mmoja alipendekeza, mwingine akaunga mkono. Baada ya dakika tisa simu zililia: *2.1 Kumbukumbu za mkutano uliopita zilisomwa na kuthibitishwa bila marekebisho.* Kwenye 2.2 iliagizwa mhusika mpya apatikane, kwa kuwa bomba la ghorofa ya tatu lilikuwa limeanza tena.

Alishuka kwa ngazi, zote mia moja na nne. Alipofika nyumbani alivua raba akazipanga mlangoni, akapita kimya kuelekea jikoni kama alivyozoea sasa.

"Leo wamesema?"

Sauti ilitoka dirishani. Bi Wino alisimama, mkono kwenye fremu ya mlango.

"Hawajasema, mama. Mimi nimesema."

"Wakaandika?"

"Hawakuandika."

Bibi alitafuta kitufe cha redio kwa vidole, akakipata.

"Haya," alisema. "Mwezi ujao useme tena. Na useme kwa sauti, wewe unaongea chini chini sana."